Mbuzi Harudi Peke Yake

Kuna watu ambao neno la shukrani haliwaishi mdomoni, na Maman Antoinette wa Koekelberg alikuwa malkia wao. Alimshukuru dereva wa basi kwa kusimama kituoni. Alimshukuru daktari kwa kumng'oa jino. Kule Schuman alikofagia ofisi za wakubwa, akikuta kikapu cha taka hakikujaa alimshukuru mwenye kikapu, hata kama mwenyewe alikuwa ameshafika kwake zamani, ameshavua viatu. Na mtu huyohuyo ndiye aliyechaguliwa na watu wote wa Kashanja waishio Brussels apokee ufunguo wa ghala siku ya Jumamosi, mbele ya umati, bila kusema aksanti. Ama kweli, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Tena!" alisema Abigaël, binti yake. Alichomoa kibanio cha nguo mfukoni akakibana kwenye mkono wa koti la mama yake.

Walikuwa ndani ya metro, na kosa lenyewe lilikuwa kwamba kijana mmoja amempisha mama kiti.

"Mais Abi, mutoto amenipatia kiti!"

"Na umemwambia merci mara mbili, maman. Donc, deux pinces." Akabana na cha pili.

Mchezo huo aliubuni Abigaël mwenyewe, mwanafunzi wa sheria, na tangu Jumatatu ulikuwa umemnufaisha sana. Kila shukrani, iwe kwa Kiswahili, Kifaransa au Kilingala, ilikuwa kibanio kimoja, na jioni mwenye vibanio vingi ndiye aliyeosha vyombo. Wiki nzima Abigaël hakugusa sahani. Mama yake alikuwa akirudi nyumbani na mkono wa koti umejaa vibanio vya rangi zote, watu wa metro wakimtazama, naye akiwashukuru kwa kumtazama.

Msimwone mjinga. Mambo yalikuwa hivi.

Kashanja ni kilima upande wa Kivu, juu ya ziwa, kwenye ardhi nyeusi inayootesha hata fimbo ukiisahau shambani. Zamani za ukoloni alifika huko Mbelgiji mmoja na karatasi ya serikali, akaambiwa kilima ni chake, naye akaamini. Watu wakapanda kahawa yake kwenye mashamba yao wenyewe. Wakaichuma, wakaibeba, ikavuka maji mpaka kwenye ghala la matofali huko Anderlecht, mjini Brussels, karibu na mfereji. Familia ya yule bwana ikanenepa, na watu wa Kashanja wakabaki na migongo yao. Babu yake Antoinette, mzee Sultani, alikuwa mmoja wa wale wachumaji.

Miaka ikapita. Vita vikawatawanya watu wa kilima, na wengine wakajikuta Brussels hiyohiyo, wakiwaogesha wazee wa watu na kupangusa meza za watu. Ghala nalo likarithiwa na Madame Lutgarde, mjukuu wa yule bwana. Huyu alikuwa bibi kizee asiye na mtoto, mwalimu mstaafu wa muziki, mwenye nywele nyeupe na maneno machache. Siku moja, baada ya ibada, aliingia katika kanisa la Wakongo bila kualikwa akasimama mbele ya wazee. Alisema hakuja kutoa sadaka. Ghala lilijengwa kwa kahawa ya Kashanja, kwa hiyo analirudisha kwa watu wa Kashanja. Watakaloamua kufanya nalo wataamua wenyewe, yeye hana kauli.

Mungu wangu, vikao vilivyofuata! Watu waliokuwa hawasalimiani tangu harusi ya nani sijui walikaa benchi moja wakabishana mpaka sauti zikawakauka. Kwa mara ya kwanza Ulaya, hakuna aliyewaambia wanahitaji nini. Mwishowe walikubaliana. Chini kutakuwa na jiko kubwa la pamoja, ambalo akina mama watapikia biashara zao. Juu kutakuwa na vyumba vya vijana kujifunzia kazi na kuanzisha za kwao. Kila familia ya Kashanja itakuwa na sauti, na atakayeleta chochote kutoka nje hatanunua sauti kwa alicholeta.

Na wakakubaliana jambo moja zaidi, alilolileta Abigaël huku amesimama juu ya kiti.

"Batu ya Kashanja, tusikilizane! Muntu akikurudishia kintu yako, unamupigia makofi? Unamupigia magoti? Iko réparation, haiko charité, haiko sadaka. Siku ile hatutasema aksanti!"

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Hata Papa Polycarpe, mwenyekiti, muuguzi mstaafu ambaye hata taka huenda kuzitupa akiwa amevaa tai, aligonga meza akasema, "Voilà! Dawa ya deni kulipa." Kisha wakamchagua Maman Antoinette apokee ufunguo, kwa sababu kati yao wote yeye ndiye mjukuu wa mchumaji aliye hai mwenye umri mkubwa zaidi. Antoinette akasimama, akainama, akawaambia wote, "Aksanti sana." Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kuvuta pumzi.

Lakini moyoni hakuwa anacheka sana, maana kwake ghala lile halikuwa hotuba. Lilikuwa jiko. Maman Antoinette alipika kwa ajili ya harusi na matanga ya nusu ya Wakongo wa mji ule: sombe ya majani ya muhogo, samaki wadogo waitwao sambaza, fufu, mbuzi wa kuchoma. Alivipika vyote kwenye jiko dogo la nyumbani lenye moto wa kuzimika ovyo, akitoka kufagia. Wanawake wengine wanne walimsaidia kwa zamu, kwa kuwa jikoni hawakuenea wawili. Mwenye nyumba alikuwa amekuja mwenyewe kumwambia kwamba majirani wamechoka na harufu ya samaki. Mwezi ukiisha, au aache kupikia watu, au ahame. Akiacha kupika, basi yeye na wale wanne watafagia Schuman mpaka wazeeke. Alilitaka jiko lile mpaka alikuwa anaota sufuria zake.

Na lipo jambo lililomuuma zaidi. Mwezi wa sita, Madame Lutgarde alipowaonyesha ghala kwa mara ya kwanza, Maman Antoinette aliingia, akaona ukubwa wa ule ukumbi, akaona ukuta ambapo majiko yangekaa, na ulimi wake ukamtoroka. Alipiga magoti. Alipiga makofi yale ya taratibu ya heshima, kama mwanamke wa kwao aliyelelewa vizuri, akamshukuru Madame kwa lugha tatu, machozi yakimtiririka. Mpwa wake Madame, Monsieur Thibault, mwanamume mwenye skafu nzuri, alikuwepo na simu yake. Akapiga video. Abigaël hakusema na mama yake mpaka wakafika nyumbani.

"Heshima si utumwa, Abi," Antoinette alimwambia siku ile.

"Najua, maman. Lakini yule monsieur hajue," alijibu binti.

Sasa, siku chache kabla ya Jumamosi yenyewe, ukazuka mkosi. Mvua ilinyesha Brussels siku tatu mfululizo, na walipokwenda kufagia ghala walikuta paa linavuja sehemu nyingi. Mkaguzi wa commune, yaani wa manispaa, alikuja, akatazama juu, akatingisha kichwa. Alisema kwa upole kabisa kwamba jiko la biashara halipewi ruhusa chini ya paa la namna ile. Watengeneze kwanza.

Kikao cha dharura kiliitwa. Fundi aliwatajia bei ya paa, ikawamwagikia watu kama maji baridi.

"Tumuambie Madame," alisema Abigaël. "Paa njo yake. Amekula ile nyumba myaka yote, hakutengeneza."

Papa Polycarpe aliikaza tai yake. "Non, non, non. Batasema tuko batu gani? Unabapa shubiri, banataka pima. Amerudisha nyumba nzima, bon, halafu sisi tunaongeza na paa? Haya! Hiyo njo kuomba."

"Haiko kuomba, tonton!"

"Alors, iko nini?"

Abigaël alikuwa na maneno mengi ya chuo, lakini hakuna hata moja ambalo mzee kama Polycarpe angelimeza. Wazee wengine waliinamisha vichwa. Wote waliona haya ileile, haya ya mtu aliyelelewa kutosumbua mgeni. Ikaamuliwa wasiseme kitu. Paa watalichangia wenyewe, kidogo kidogo, mwaka huu na mwaka kesho na mwaka kesho kutwa. Maman Antoinette aliyasikia maneno "mwaka kesho kutwa" akamfikiria mwenye nyumba wake. Alitoka pale na vibanio viwili tu siku ile, kwa sababu hakuwa na la kumshukuru mtu.

Hata hivyo Jumamosi ni Jumamosi. Kuanzia asubuhi Anderlecht ilinukia vitunguu. Wanawake walikuja na sufuria zilizofungwa kwa vitenge, wanaume wakapanga viti, wakavipanga upya, wakagombana juu ya kuvipanga. Kwaya ilijaribu sauti. Watoto walikimbia ukumbi mzima, wakiteleza kwenye sakafu iliyotoka kuoshwa na kuitana majina. Maman Antoinette alivaa kitenge cha bluu chenye ndege wa njano na kilemba kirefu, na moyo ulimpiga mpaka akahisi ndege wanaruka kifuani.

Mvua nayo haikutaka kukosa sherehe. Ilianza saa nne, na ndoo zilizotegwa chini ya matone zikaanza kuimba. Papa Polycarpe alizizunguka kwa hasira kama aliyeziona zikimtukana.

"Bafunike hii bintu! Wageni basione!"

Kwa hiyo kila ndoo ilifunikwa kitenge kizuri na juu yake pakawekwa chombo cha maua, huku tone likipenya kitambaa kimyakimya. Ukumbi ulipendeza. Mtu angedhani watu wa Kashanja wana desturi ya kupanga maua katikati ya njia.

Madame Lutgarde alifika na koti lake la mvua na fimbo, akakalishwa mbele, kando ya chombo kimojawapo cha maua. Tone lilianguka kwenye kitenge, tap. Akageuza kichwa kidogo, kisha akatazama mbele haraka. Papa Polycarpe akakohoa kwa nguvu ili kulizima tone la pili. Kila alipokohoa, bibi yule alitazama viatu vyake.

Monsieur Thibault alikuwa nyuma yake, amebeba kitu bapa kilichofunikwa kwa kitambaa cha mahameli.

"Kabla ya ufunguo," alisema kwa Kifaransa chake kilichonyooka, "familia ina zawadi ndogo ya kushtukiza."

Akafunua. Lilikuwa bamba la shaba, linang'aa mpaka watoto wakasimama. Limeandikwa jina la babu yao, na chini yake: *Rafiki wa Kongo. Nyumba hii ni ukarimu wa familia yake.* Litawekwa juu ya mlango, alieleza. Tena wazo hilo alilipata kutoka kwenye ile video ya mwezi wa sita.

"Tulipoona jinsi Maman Antoinette alivyoshukuru," alisema, mkono kifuani, "sote nyumbani tulilia. Tukajua kwamba mnampenda babu kama sisi tunavyompenda."

Hakuwa mtu mbaya, Thibault, msimchukie bure. Alikuwa ameambiwa maisha yake yote kwamba babu alikuwa mwema, na hapo mwanamke mweusi alikuwa amepiga magoti kuthibitisha. Lakini ukumbi ulipoa. Watu waligeuka, mmoja mmoja, wakamtazama Maman Antoinette. Yeye alitamani sakafu ipasuke imeze ndege wake wa njano na yeye mwenyewe. Aibu ilimpanda shingoni ikamwaka usoni. Kumbe aksanti yake ndiyo iliyochonga shaba ile!

Abigaël alikuwa amesimama tayari, macho makali. Papa Polycarpe alimfanyia ishara akae, akamnong'oneza Antoinette: "Iko bamba tu, maman. Tuikubali, tupate ufunguo. Tutaificha nyuma ya mti."

Antoinette akapewa maikrofoni. Madame Lutgarde alinyanyuka kwa fimbo yake, akanyoosha mkono wenye ufunguo, ufunguo mkubwa wa kizamani. Antoinette aliisikia aksanti ikipanda kutoka tumboni kama kawaida yake, imepita kifuani, imefika kooni. Alimeza mate kama alivyofundishwa na Abigaël. Ikarudi. Akameza tena.

Hapo ndipo tone kubwa, baridi, likatoka darini na kumwangukia katikati ya kilemba.

Maman Antoinette alitazama juu. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kwa mabega, kwa tumbo, maikrofoni ikakitawanya kicheko chake ukumbi mzima, na watoto wakacheka naye bila kujua sababu. Hofu yote ilikuwa imemtoka. Mahali pake palikuwa pamejaa jambo ambalo bibi yake alilisema mara nyingi, akiwa anafunga mbuzi jioni, na ambalo hakuwahi kulifikiria Ulaya.

"Abi, kuja hapa," alisema. "Nitasema, we utaweka mu français. Usiongeze ya université."

Abigaël alikuja mbio, na mama akaanza.

"Madame, mi niko mujukuu ya Sultani wa Kashanja. Kapo ya kahawa ikikosa kujaa, kapita, musimamizi ya babu yako, alikuwa anakuja ku lupango, ku nyumba ya Sultani, na anabeba mbuzi. Sultani alipoteza mbuzi mingi. Bon. Sasa ku sisi, mbuzi inaweza kulala ku jirani. Inaweza kulala hata myaka na myaka. Lakini siku inarudi, hairudi yenyewe tu. Inarudi na batoto yake, juu ilizaa kule. Hatuombe batoto ya mbuzi. Batoto banafwataka mama yabo."

Wazee walianza kuguna. Papa Polycarpe aliachia tai yake. Kila mtu wa kilima aliijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma. Mbuzi aliyekaa kwa jirani akirejeshwa bila vitoto, hata mtoto mdogo atauliza, na hakuna atakayemwita ombaomba. Wote walikuwa wanaijua. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kwamba nyumba ya matofali nayo ni mbuzi.

"Na ule mwenye anarudisha," aliendelea Antoinette, "tunamupatia kiti. Tunamupatia chakula, anakula na sisi, na mambo inaisha. Hatumutukane. Lakini, Monsieur Thibault, mutoto wangu, hatujaona muntu anarudisha mbuzi na amefunga jina yake ku shingo ya mbuzi."

Abigaël alitafsiri hilo kwa furaha isiyofichika. Vigelegele vilipasuka upande wa wanawake. Thibault akaliangalia bamba lake, masikio yamemwiva.

Antoinette hakuwa amemaliza. Alikwenda mpaka kwenye maua yaliyokuwa kando ya kiti cha Madame, akayaondoa, akashika ncha ya kitenge.

"Maman, hapana!" alinong'ona Papa Polycarpe.

Akakivuta. Ndoo ilionekana, imejaa nusu. Tone lilianguka ndani yake, na kila mtu akalisikia.

"Mbuzi, naiona. Njo hii," alisema, akipiga ukuta kwa kiganja. "Imezaa ku Anderlecht myaka yote ile. Sasa mi nauliza tu: batoto iko wapi? Juu paa inalia."

Mara akatamani kurudi nyuma. Alikuwa amesema. Jiko lake, wale wanawake wanne, sufuria zake zote zilikuwa zinaning'inia kwenye kidole cha bibi yule mwenye ufunguo, na bibi akikunja kidole basi yote yamekwisha. Lakini hakuinama.

Madame Lutgarde aliitazama ndoo. Kisha alizungumza, na Abigaël akatafsiri kwa sauti iliyokuwa inaanza kupanda.

"Nilijua linavuja. Nilijua tangu zamani. Mwezi wa sita nilikuja nimejiandaa kuwaambia, na kusema kwamba nitalitengeneza kabla ya kulirudisha. Ndipo wewe ukapiga magoti. Ulinishukuru sana, Maman, mpaka nikaona aibu kutaja paa. Nikarudi nyumbani kama mwizi wa mara ya pili." Alipumua. "Paa ni juu yangu. Wiki ijayo mafundi watakuja, na mtawachagua ninyi."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa! Wao wanafunika ndoo ili asione, yeye anatazama viatu ili asionekane ameona. Adabu za pande mbili zilikaribia kuwanyima watu jiko. Papa Polycarpe aliketi kitini kwa kishindo akasema, "Eh, Yezu," akaanza kucheka na kujipangusa machozi kwa tai yake, ile tai aliyokuwa haikunji.

"Thibault," alisema bibi bila kugeuka, "hilo bamba lirudishe garini."

Thibault alisita. Alimwangalia shangazi yake, akamwangalia Antoinette, kisha akaangalia ile ndoo, kama mtu anayehesabu upya maneno aliyofundishwa utotoni. Akalifunika kwa mahameli, akatoka nalo mvuani. Aliporudi, nywele zimelowa, mtoto mmoja alimsogezea kiti, naye akakaa.

Madame akanyoosha tena ufunguo. Antoinette aliupokea kwa mikono miwili. Mikono ilitaka kupiga makofi, lakini ilikuwa imejaa. Midomo aliibana. Watu wote wa Kashanja waliinama mbele kwenye viti vyao, wengine wameshika vichwa.

"Nimeipokea," alisema Maman Antoinette.

Basi! Kwaya haikungoja ishara. Ngoma zililia, viti vikasukumwa ukutani, vitenge vikanyakuliwa juu ya ndoo na kupepewa hewani. Abigaël alimkumbatia mama yake mpaka kilemba kikaenda upande. Antoinette alicheza na ufunguo kichwani, akazunguka ukumbi, akasimama kwenye ukuta wake wa majiko na kuupigapiga, huku akiwaelekeza wale wanawake wanne nani atasimama wapi, kana kwamba moto umeshawaka. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeingia ndani baada ya kusimamishwa mlangoni miaka mingi.

Chakula kikapakuliwa. Yeye mwenyewe alimpelekea Madame Lutgarde sahani: fufu, sombe, sambaza na kipande kizuri cha mbuzi. Bibi alinawa mikono kama alivyoona wengine wakinawa, akamega, akachovya, akatafuna polepole. Alifumba macho. Kisha akamtazama Antoinette na kusema neno ambalo bila shaka alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima kwenye gari.

"Aksanti, Maman."

Antoinette alisimama palepale. Tangu afike Ulaya alikuwa amelitoa neno hilo kila mlango na kila kiti, na sasa lilikuwa limerudi kwake likimtafuta. Alielewa mara moja kwa nini siku ile alipaswa kulimeza. Lilikuwa neno la mgeni, na yeye pale hakuwa mgeni.

"Karibu," alisema. "Karibu kwetu, Madame."

Kisha akaingiza mkono kwenye mkunjo wa kitenge chake, akatoa kibanio cha nguo, chekundu, akakibana taratibu kwenye mkono wa sweta la bibi yule. Madame Lutgarde alikitazama bila kuelewa. Nyuma yao Abigaël alishaanguka kwa kicheko.

"Abi, mufasirie," alisema Maman Antoinette, akinyoosha kidole kwenye bomba la maji kule mwisho wa ukumbi. "Hapa ku sisi, mwenye anasema aksanti njo anaosha sahani."